Waraka kwa Mheshimiwa Mgeni wa Jijini

Kashikishi, Nchelenge,
Ufukweni mwa Ziwa Mweru, Zambia.

Kwa Mheshimiwa Mgeni wetu utokaye Dar es Salaam, Nairobi, Lubumbashi, Lusaka, au kwingineko kwenye foleni za magari,

Sisi huku hatujambo, ukiacha homa, na homa kwetu haihesabiwi kuwa ugonjwa mpaka imlaze mtu.

Habari za ujio wako tumezipata. Huwa tunazipata mapema, maana madereva wenu huagiza samaki kwa simu kabla hawajavuka Mansa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wamekuja wengi, na sisi bado tunaendelea kungoja kupona. Kwa hiyo safari hii nimeona nikuandikie kabla hujafika, labda tutasaidiana.

Najua umepewa mawaidha ya safari. Mtu akienda mji mkubwa huambiwa: simu usiishike barabarani, nauli patana kabla hujapanda, ukiitwa "rafiki" usigeuke, usiku usitembee peke yako, mkoba uvae kwa mbele. Mawaidha mazuri. Mimi mwenyewe yalinifaa Kariakoo, na kituo cha mabasi cha Lusaka bila hayo mtu anafika kwenye kiti chake akiwa hana mzigo. Lakini mawaidha hayo yote yanamfundisha mgeni kitu kimoja, kuogopa watu, na anayafunga mkobani mwake hadi huku. Huku, mheshimiwa, ogopa mbu. Ogopa upepo wa ziwani na kalenda ya idara ya uvuvi. Watu wasalimie.

Sisemi kwamba hatuna mwizi. Tunaye, tunamjua kwa jina na kwa jina la mama yake, ndiyo maana hafiki mbali. Kinachotuudhi ni kumwona mtu mzima anashuka garini amekumbatia mkoba kifuani, anampita bibi kizee aliyekaa kwenye mkeka wa samaki, na neno la kwanza linalomtoka kinywani ni "Bei gani?" Ukitanguliza bei, utatajiwa bei ya asiyesalimia. Ipo, haijaandikwa popote, na soko zima linaijua bila kuulizana. Sema "Mwapoleni mukwai", piga makofi mawili matatu ya polepole kwa viganja, inama kidogo, ngoja uitikiwe. Uliza za nyumbani. Ukimaliza, sema "natotela" hata kama hukununua. Jumla ni dakika mbili. Kwenye foleni ya Ubungo ulikwisha kupoteza saa mbili bila kumsalimia mtu.

Kiswahili utakisikia, na utafurahi. Ila usifurahi mpaka ukaanza kutoa masomo. Lugha ya huku ni Kibemba. Kiswahili cha sokoni kwetu kimevuka ziwa kutoka Katanga, au kimeletwa na wachuuzi wa Tunduma. Mtu akikwambia "batu iko mingi", elewa kwamba watu ni wengi, na songa kwenye foleni. Mgeni mmoja kutoka pwani alikaa asubuhi nzima akimsahihisha ngeli mama mmoja wa Pweto, upande wa Kongo. Mama akamsikiliza kwa adabu, akaitikia kila sentensi, kisha akamuuzia chisense, samaki wetu wadogo, wenye mchanga kwa bei ya waliopepetwa. Tena nikukumbushe kwa upole kwamba Kiswahili hakikuja huku na vitabu vya sarufi. Kilikuja na misafara ya pembe za ndovu na shaba. Mwaka 1867 Tippu Tip alipigana na Nsama wa Watabwa, si mbali na hapa, na vijiji vilivyoungua havikuuliza kama amri ilitolewa kwa lafudhi ya Unguja. Lugha iliyofika na bunduki ina deni kubwa la adabu kwa wenyeji wake.

Njia, basi. Ukitoka Tanzania, unavuka Tunduma na Nakonde, unakwenda Kasama, halafu unachagua: ama uzunguke kwa Luwingu na Mansa, ama ukate kwa Mporokoso na Kawambwa. Ya pili ni fupi kwenye ramani, na ramani hainyeshewi. Waulize madereva wa malori wiki hiyohiyo, wala usimuulize aliyepita mwaka jana. Ukitoka Lusaka kuna ya Serenje na Samfya. Walioko Ukanda wa Shaba hukata kupitia ulimi wa ardhi ya Kongo, kilomita kama 70, wakatokea Chembe kwenye daraja la Luapula lililopewa jina la Rais Levy Mwanawasa na kufunguliwa mwaka 2008. Kabla ya hapo ilikuwa ni kungoja pantoni. Njia hiyo inaokoa muda mwingi, lakini unaingia nchi nyingine na kutoka, kwa hiyo pasipoti iwe mfukoni, si chini kabisa ya sanduku lililofungiwa juu ya basi. Utanishukuru.

Sasa samaki, maana hata ukisema umekuja kwa semina, tunajua.

Nikupe siri ya kazi yangu, ijapokuwa inanikata mtaji. Chisense ni samaki mdogo, wa kimo cha dagaa, hafikii kidole cha mwisho. Anavuliwa usiku wa giza kwa taa. Usiku usio na mwezi utaziona zimetapakaa ziwani, na wageni husema ni nzuri. Ni nzuri kweli, kwa aliyeko nchi kavu. Alfajiri mitumbwi inarudi, kinamama wamekwisha kujipanga na mabeseni, na hapo hakuna mambo ya mashairi, ni kupatana kwa sauti kubwa. Samaki anamwagwa juani, anatandazwa, anageuzwa kwa mkono. Jua likiwaka sawasawa, jioni amekauka. Wingu likitanda mchana, mtaji wote unanuka mbele ya macho yako na huna wa kumshtaki. Ndiyo maana ukiniambia "Mama, punguza, hawa si wanatoka tu ziwani bure", nacheka kwa mdomo tu.

Ukinunua, chota kiganja kimoja, sugua, rudisha samaki, tazama kilichobaki mkononi. Kikibaki mchanga, hujanunua chakula, umenunua ufukwe. Kipimo chetu ni meda, yaani kopo kubwa au kindoo kinachojulikana soko zima. Kabla hakijajazwa, kigeuze uone kitako chake, kama hakijabonyezwa kuingia ndani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Asiye mwaminifu atakasirika sana, na hapo umepata jibu bila kuuliza swali. Kisha, malipo yakishatolewa, omba mbasela, ile nyongeza ya mkono mmoja juu ya kipimo. Iombe kwa kicheko. Wenzako huidai kabla ya kulipa, tena kwa kunyoosha kidole, wakasifiwa na madereva wao kwamba wanajua kubana bei. Wanaondoka na meda iliyojaa hewa.

Samaki mkubwa tunayejivunia ni wa jamii ya perege, jina lake pale. Ndiyo, pale, ukiuliza "Pale yuko wapi?" tutakuelewa, utajicheka mwenyewe. Lakini usije kumuulizia Januari. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari kuvua kumefungwa kwa sheria ili samaki wazae, na kila mwaka katika miezi hiyohiyo hufika gari la wageni wakanuna hotelini kwamba wamesafiri umbali wote huu kwenye ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba elfu tano hivi, wakaletewa kuku. Atatokea kijana wa kuwanong'oneza kwamba samaki wabichi wapo, nyuma ya nyumba, gizani. Wapo. Na askari wa idara ya uvuvi wakilisimamisha gari barabarani, ndoo hiyo ni yako; kijana hukumwona na wala humjui jina. Mvuvi wa Kashikishi anakaa miezi mitatu bila kutia wavu majini, huku akilalamika kwamba wenzake wa upande wa Kongo hawabanwi kama yeye, na bado anakaa. Wewe huwezi kukaa chakula kimoja cha jioni?

Samahani, hapo nimepandisha sauti. Nina sababu. Ziwa hili lilikuwa na samaki aitwaye mpumbu, ambaye mvua zikianza alipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Wagiriki walikuwa wamekwisha kuweka makao Kasenga, ng'ambo ya mto, wakinunua samaki, wakiwatia barafu na kuwasafirisha Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, kuwalisha wafanyakazi wa migodi. Soko likapanuka, nyavu zikatandazwa palepale mpumbu anapopita akiwa na mayai tumboni. Kufikia miaka ya 1950 biashara yake ilikuwa imekufa. Wavuvi ndio waliotega, sikatai. Walitegea mnunuzi aliyekuwa mbali, mwenye pesa, na mwenye haraka. Ukijiona katika maelezo hayo, sikukutaja mimi.

Na utapiga picha ya chandarua cha mbu kinachovulia samaki. Kila mgeni anayo. Anaipiga, anatikisa kichwa, anaandika maneno mawili ya masikitiko. Chandarua kinakokota hadi vifaranga vya samaki, ni kosa, na sisi tunaoishi kwa samaki tunaijua hasara yake kwa tumbo. Ila kabla hujatikisa kichwa, muulize aliyekishika alikula nini jana. Akikujibu, ndipo uandike.

Jambo lingine la picha: omba. Ukishaomba, ukaruhusiwa, ukaahidi kuituma, itume. Kashikishi nzima imejaa watu walioko kwenye kuta za ofisi za watu wengine.

Tuje kwenye maji. Mweru halina kina kirefu. Kwa wastani hakifiki mita kumi. Mgeni akisikia hivyo hupumua, akadhani ni usalama. Ni kinyume chake, mheshimiwa. Maji ya kina kifupi huamka haraka: upepo ukigeuka, mawimbi yanasimama mafupi, ya karibu karibu, na boti iliyojazwa watu, magunia na kreti za bia haina nafasi ya kupanda moja kabla ya la pili. Nahodha akisema leo hatuvuki, hatuvuki. Usimwonyeshe ratiba yako. Usimwongeze pesa, maana pesa inaweza kumshawishi, na upepo hautapewa fungu. Dai jaketi la kuokolea, ulivae, usilikalie. Nimeona waheshimiwa wakilifanya mto wa kiti ili suruali isiloane.

Kabla hujapanda, uliza unakwenda Kilwa ipi. Sikutanii. Wewe wa Tanzania unaijua Kilwa Kisiwani, ya Lindi, yenye magofu. Hapa tunazo mbili zaidi. Kuna kisiwa cha Kilwa, kilicho ndani ya Zambia ingawa kimekaa karibu zaidi na ufuko wa Kongo kuliko wetu. Na kuna mji wa Kilwa, ambao uko Kongo kwenyewe, mkoa wa Haut-Katanga, wenye maafisa wake wa uhamiaji na mihuri yao. Mgeni anayesema tu "nipelekeni Kilwa" anaweza kushuka kwenye nchi ambayo hana ruhusa ya kuwamo, akiwa na kwacha mfukoni mahali wanapotaka faranga au dola. Na ukiufikia mji ule, teremsha sauti. Oktoba 2004 jeshi la Kongo liliingia Kilwa kuwatimua waasi wachache, likaua raia kwa makumi, na wengi walikimbilia majini kuja kwetu na visiwani. Karibu na hapo kulikuwa na mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, ambao mzigo wake ulivushwa kwa majahazi ya chuma kuja Nchelenge. Watu wa pande zote mbili za ziwa bado wana wafu wao katika habari hiyo. Si hadithi ya kuchangamshia safari.

Kuoga ziwani ni hiari yako. Kuna kichocho, na kuna mamba. Watoto wetu utawaona majini kwa sababu bomba liko mbali, si kwa sababu mamba amewazoea.

Wilaya yetu ni maarufu duniani kwa jambo moja, na si samaki. Ni malaria. Wanasayansi wamepiga kambi hapa miaka mingi, kwa sababu Nchelenge ni kati ya sehemu za Zambia zenye maambukizi makali kabisa. Walipopita nyumba kwa nyumba kupima damu, karibu nusu ya watu walikutwa na vimelea, wengi wao wakitembea na kufanya kazi zao. Mbu mwenye kazi hiyo hasa, Anopheles funestus, ni wa ndani ya nyumba na wa usiku wa manane, akiendelea hadi karibu na mapambazuko. Kwa hiyo ile desturi yako ya kujipaka dawa jioni barazani, kisha ukalala bila chandarua kwa kuwa chumba kina feni, inampa yeye chakula cha usiku na wewe safari ya hospitali. Chandarua kiwe na dawa, kichomeke chini ya godoro, kikague matundu. Dawa za kinga kazungumze na daktari kabla hujaondoka kwako, usije kuniuliza mimi sokoni. Homa ikipanda, kapime siku ileile. Vipimo vya haraka na dawa mseto hupatikana kwenye vituo vya afya, na hospitali ya misheni ya St. Paul's iko hapahapa Kashikishi. Na kama homa itaanza umekwisha kurudi jijini, mwambie daktari ulikuwa wapi. Wako wanaotibiwa uchovu wa safari wiki nzima kwa sababu wameona aibu kutaja kijiji.

Mgeni kuugua huku si habari mpya. Mwaka 1798 gavana Mreno, Francisco José de Lacerda e Almeida, alitoka Tete akitaka kupenya bara zima hadi Angola. Alifika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa huku, akiwa mgonjwa, akafariki Oktoba ya mwaka huo, na Angola hakuiona. Alikuwa na mpango mzuri sana ulioandikwa vizuri. Tunayo mingi ya namna hiyo.

Nawaheshimu watafiti, tena wengine ni watoto wetu. Lakini yuko mgeni wa kitaalamu ambaye humtoboa mtoto kidole, akampa mama karatasi ya kutia alama ya gumba, akaondoka. Mama anabaki akiniuliza mimi, muuza samaki, damu ile ilisema nini. Kama uko katika kundi hilo, rudi useme. Hata kama jibu ni kwamba hali haijabadilika. Hilo tulikuwa tunalijua, ila tungependa kulisikia kwako.

Ukipata nafasi mwishoni mwa Julai, nenda Mwansabombwe kwenye Mutomboko, Mwata Kazembe wa Walunda anapocheza ngoma ya ushindi akiwa na shoka na upanga. Fika mapema, vaa kwa staha, kaa unapoelekezwa. Watu wa Lusaka wana tabia ya kusogea mbele na simu juu mpaka mwenye ngoma hana pa kukanyaga. Kiti cha Kazembe kimeona wageni wa kila namna na kina kumbukumbu ndefu. Livingstone alipofika huku Novemba 1867, akifuatana na wafanyabiashara kutoka pwani, alimkuta kwa Kazembe Mwarabu mmoja, Mohamad bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa miaka mingi asiondoke. Siku hizi hatumzuii mtu. Wakati mwingine, nikitazama orodha ya walioahidi kurudi na mradi, naona desturi ile ilikuwa na busara yake.

Wazee watakusimulia pia habari ya Nachituti, ukiwa na subira. Nchi hii na maji yake vilikuwa vya Nkuba, mfalme wa Washila. Nkuba akamuua mtoto wa dada yake, Nachituti. Mama yule akaenda kumlilia Kazembe. Kazembe akamwangamiza Nkuba, na Nachituti akamkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Nakutajia hili mahsusi wewe unayesimama ufukweni, ukaweka mikono kiunoni na kusema mahali hapa pako wazi, panafaa hoteli. Hapako wazi. Pamekabidhiwa kwa damu ya mtoto, na hivi sasa umesimama juu ya samaki wangu.

Huenda ukaletwa kuona wakimbizi. Mwaka 2017 walivuka kwa maelfu kutoka Haut-Katanga na Tanganyika, wakapokelewa Kenani, na tangu mwanzo wa mwaka 2018 wengi wamekaa makazi ya Mantapala, hapa hapa wilayani kwetu. Kwa kuwa unajua Kiswahili, utadhani umepewa ufunguo. Basi utumie vizuri: uliza kwanza mihogo imekubali, watoto wanasoma wapi, samaki wanauzaje. Usianze na "Uliona nini?" Ameulizwa hivyo na kila gari jeupe lililopita, kila safari na daftari jipya, naye kwa heshima anasimulia tena.

Mengine ni madogo. Pesa za simu zinafanya kazi, vibanda vya njano na vyekundu viko kila kona, lakini beba noti ndogo ndogo. Umeme, leta betri ya akiba. Mwaka 2024 ukame ulipoyashusha maji ya Bwawa la Kariba tulijifunza kuchaji simu kwa zamu, na huo mradi wa umeme wa maporomoko ya mto Kalungwishi, jirani zetu, umezungumzwa miaka mingi na watu walioshiba vizuri. Ugali wetu ni wa muhogo, unaitwa ubwali, unavutika. Usiusukume kando ya sahani ukiuliza kama kuna wa mahindi. Kisamvu tunakiita katapa. Ukikaribishwa, kula.

Nisikuchoshe. Salamu kwa wote huko, hasa aliyekuandikia ile orodha ya mambo ya kuogopa.

Wako kwa heshima na taadhima,
Mama muuza chisense, soko la Kashikishi.

Tanbihi: Saa. Zambia iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, kwa hiyo ukivuka Nakonde irudishe. Tena huku hatuhesabu kuanzia mapambazuko kama ninyi. Kondakta akikwambia basi la kurudi Mansa linaondoka saa tano, ana maana ya saa tano ya kwenye uso wa saa, yaani ile ambayo wewe unaiita saa kumi na moja alfajiri. Kila mwezi tunaye mheshimiwa mmoja anayefika kituoni na sanduku lake saa tano yenu, amekwisha kunywa chai, amependeza, na basi liko Mwense. Chumba cha wageni cha kulala siku ya pili kina bei yake, na wameshajua kwamba huna pa kwenda.